Gari inamisi au inakunywa mafuta: kabla hujanunua nozeli mpya, zipime hivi

Nozeli, vile vifaa vidogo vinavyopulizia injini mafuta, zinasingiziwa sana. Gari ikianza kumisi kidogo tu (silinda inaruka bila kuchoma mafuta), au ikianza kunywa mafuta kuliko zamani, neno la kwanza linalotoka ni "hizo nozeli zimeisha, weka seti mpya", basi mtu anatoa hela ndefu, anafunga seti nzima, anawasha, na gari inamisi vilevile. Shida ni kwamba dalili za nozeli mbovu zinafanana na za plagi iliyochoka, koili ya plagi inayokata, mpira wa hewa uliopasuka, pampu dhaifu, hata sensa moja ya joto inayodanganya. Kwa hiyo hapa tunaenda dalili kwa dalili, na kila mahali tunaanza na vitu rahisi kupima, nozeli tunaigusa pale ambapo imebaki yenyewe.

Naongelea zaidi injini ya petroli ya kawaida, ile ambayo nozeli inapuliza kwenye njia ya hewa kabla ya valvu ya kuingiza. Zile zinazopuliza moja kwa moja ndani ya silinda pamoja na dizeli nimeziweka huko chini, zina hatari zake, usizipime kwa staili hii.

Kwanza ujue inafanyaje kazi

Ukielewa hapa, vipimo vyote vitajieleza. Pampu iliyo kwenye tangi inasukuma petroli, inapita filta, inafika kwenye reli juu ya injini ikiwa na presha, gari nyingi ni kati ya bar 2.5 na 4, yaani kama psi 36 hadi 58 hivi. Nozeli zote zimechomekwa kwenye hiyo reli na muda wote zimejaa mafuta yenye presha yanayosubiri mlango ufunguke. Mlango wenyewe ni sindano ndogo iliyobanwa na springi. Juu yake kuna koili ya waya, ikipata umeme inageuka sumaku, inainua sindano kidogo sana, hata milimita moja haifiki, mafuta yanatoka yakiwa ukungu. Umeme ukikatika springi inarudisha sindano chini na mlango umefungwa.

Kompyuta ya gari haibadilishi ukubwa wa tundu wala nguvu ya kupuliza, inachobadilisha ni muda tu. Injini ikiwa na joto na iko sailensa (inaunguruma bila kukanyaga mafuta), nozeli inafunguliwa kama milisekunde 2 au 3 kila zamu, ukikanyaga mafuta muda unaongezeka. Na kwenye huo muda, karibu milisekunde 1 inapotea kabla sindano haijainuka vizuri. Ndiyo maana nozeli inayonata inajionyesha zaidi kwenye sailensa kuliko barabarani, pale muda wenyewe ni mfupi na ukichelewa kidogo tu umepoteza sehemu kubwa ya mafuta ya zamu hiyo.

Kitu kingine ambacho wengi wanakigeuza: kompyuta haitumi umeme kwenye nozeli. Soketi ya nozeli ina nyaya mbili, mmoja una volti 12 kutoka kwenye relei tangu unapofungua swichi (gari zingine mpaka upige stata), na mwingine unaenda kwenye kompyuta ambayo kazi yake ni kuugusisha na ethi (upande hasi wa betri na bodi) na kuuachia. Kwa hiyo nozeli inaweza kukosa upande wa umeme au ikakosa upande wa amri, na ni matatizo mawili tofauti yenye dawa tofauti.

Basi nozeli inaharibika kwa njia chache tu. Haifunguki kabisa. Inafunguka lakini inapitisha mafuta kidogo kwa uchafu. Haifungi vizuri, inadondosha. Inapitisha kiasi sahihi lakini badala ya ukungu inakojoa. Au inavuja kwa nje kwenye oringi, kile kimpira cha duara kinachoziba kiungo. Kila moja ina tabia yake.

Silinda moja imelala, gari inatetemeka sailensa

Hii ndiyo kesi ya kila siku. Kama una skana (kifaa cha kuongea na kompyuta ya gari) soma kodi, yaani namba za hitilafu. P0301 maana yake silinda ya 1 inamisi, P0302 ya 2, hivyo hivyo, na P0300 ni kumisi kunakohamahama bila silinda maalumu. Hizi hazisemi kwamba nozeli ni mbovu, zinasema silinda haichomi basi. Kodi inayoongelea nozeli yenyewe ni P0201, P0202 na kuendelea, na hata hiyo inaongelea umeme wake tu: waya, soketi, koili ya ndani au kompyuta. Nozeli iliyoziba kwa uchafu haitoi P0201 hata siku moja, kwa sababu umeme wake ni mzima.

Huna skana? Injini ikiwa inaunguruma sailensa chomoa soketi ya nozeli moja, sikiliza, rudisha, nenda nyingine. Ukichomoa na injini ikazidi kuyumba, silinda hiyo ilikuwa inafanya kazi. Ukichomoa na hakuna kilichobadilika, umeshaipata iliyolala.

Sasa usikimbilie nozeli. Hamisha koili ya plagi ya silinda hiyo uipeleke silinda ya jirani, futa kodi, endesha. Kumisi kukihama na koili, umemaliza. Kusipohama, fanya hivyo na plagi, na ukiwa umeitoa iangalie vizuri, maana plagi inasema mengi. Iliyolowa petroli maana yake mafuta yanafika na cheche hakuna, au mafuta yamezidi mno. Iliyo kavu kabisa na safi wakati gari imepigwa stata muda mrefu, hapo mafuta hayafiki na nozeli inaanza kuwa mtuhumiwa kweli. Nyeusi yenye masizi makavu ni mafuta mengi. Yenye oili hiyo ni habari ya ringi au sili za valvu, tofauti kabisa.

Baada ya hapo sikiliza. Chukua bisibisi ndefu, ncha weka kwenye mwili wa nozeli, mpini sikioni (angalia mkanda na feni, na usivae kitu kinachoning'inia), utasikia tik tik tik kali na ya mpangilio. Linganisha zote. Iliyo kimya haifunguki. Yenye mlio mzito au uliofifia kuliko wenzake inanata. Lakini hapa ndipo watu wanapojidanganya: kulia hakuthibitishi kwamba inapitisha mafuta. Nozeli inaweza kulia vizuri kabisa huku kichujio chake kidogo cha juu kimejaa uchafu. Kimya ni ushahidi, mlio siyo ushahidi.

Kama iko kimya, chomoa soketi yake na maltimita (kipimo cha umeme) mkononi. Cha kwanza, swichi wazi, pima kila pini ya soketi dhidi ya ethi ya betri, mmoja lazima uonyeshe karibu volti za betri. Hakuna? Fuata waya, fyuzi, relei. Zikiwa zimekosa nozeli zote ni fyuzi au relei, ikikosa moja tu waya umekatika karibu na hapo, mara nyingi ndani ya plastiki pale unapojikunja kwa joto la injini. Cha pili ni amri. Ile taa ndogo ya kupimia nozeli ichomeke kwenye soketi badala ya nozeli, mtu apige stata, taa inatakiwa iwake na kuzima haraka haraka. Ikiwaka moja kwa moja bila kuzima, waya wa amri umegusa ethi mahali au kompyuta yenyewe imeshoti upande huo. Isipowaka kabisa na volti 12 zipo, amri haiji. Usitumie balbu kubwa ya taa ya mbele hapo, inavuta umeme mwingi na unaweza kuua transista ndani ya kompyuta ambayo bei yake haina uhusiano na ya nozeli.

Cha tatu ni ohm za nozeli yenyewe, soketi ikiwa imechomolewa. Gari nyingi za kawaida nozeli zake zinasoma ohm 12 hadi 16. Kuna zingine, hasa za zamani na za injini zilizoongezewa nguvu, zinasoma 2 hadi 5, hizo ni za aina nyingine na zinaendeshwa kwa umeme tofauti, usichanganye aina hizi mbili kwenye injini moja na usifunge ya ohm ndogo mahali pa ohm kubwa, utachoma kompyuta. Ila kuliko namba yenyewe angalia ulingano: tatu zikisoma 13.8 na moja 11, hiyo moja ina kasoro. Maltimita ikisoma hakuna mwisho (OL), koili imekatika ndani. Ikisoma karibu sifuri, imeshoti.

Na kama gari inamisi ikiwa ya moto tu halafu asubuhi ni nzima, pima ohm ikiwa ya moto. Koili za nozeli zina tabia ya kufunguka kwa joto, baridi zinasoma vizuri kabisa, injini ikishashika joto inapotea. Ukipima asubuhi utaisafisha mashtaka na mchana inakutesa tena.

Umeme mzima, amri ipo, ohm sawa, plagi na koili vimehamishwa na kumisi kumebaki palepale: hamisha nozeli yenyewe na ya jirani. Kazi yake ni kubwa kidogo, reli inabidi itoke, lakini kwa maoni yangu ndiyo kipimo chenye ukweli kuliko vyote, kwa sababu hakihitaji tafsiri. P0303 ikigeuka P0302, nozeli imejisema yenyewe. Ikibaki P0303, acha nozeli, pima kompresheni ya silinda hiyo, yaani inavyobana hewa. Valvu isiyofunga haitibiki kwa nozeli mpya.

Gari haina nguvu, inasita ukikanyaga, kodi ya mafuta kidogo

Hapa utakutana na P0171, na kwenye injini za V P0174 upande wa pili. Maana yake kompyuta inaona hewa ni nyingi kuliko mafuta na imeshaongeza mpaka imechoka. Fungua skana upande wa data, tafuta trimu za mafuta (asilimia ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza mafuta), ya muda mfupi na ya muda mrefu. Zikijumlishwa zikawa kati ya kama -10 na +10 kwa asilimia, injini iko sawa. Ikiwa +20 kompyuta inajitahidi kufidia kitu.

Kipimo kizuri hapa hakihitaji kufungua hata nati moja. Soma trimu ikiwa sailensa, halafu pandisha mzunguko hadi 2500 ushikilie, soma tena. Ikiwa juu sana sailensa halafu ikashuka ukipandisha, kuna hewa inaingia kwa njia za panya: mpira uliopasuka, gasketi ya manifoldi, oringi ya chini ya nozeli pia imo humo. Kwenye sailensa hewa hiyo ya wizi ni sehemu kubwa ya hewa yote, ukipandisha inamezwa. Ikiwa sawa sailensa halafu trimu ikapanda kadiri unavyokanyaga, mafuta hayatoshelezi (filta, pampu, nozeli) au sensa ya hewa ni chafu na inapunja hesabu. Dakika chache tu hizi na umeshajua uelekee wapi.

Kama ni upande wa mafuta, geji ya presha kwenye reli kabla ya kitu kingine chochote. Reli nyingi zina kivalvu cha kuchomekea geji, zisizo nacho unaweka kiunganishi. Linganisha na namba ya injini yako kwenye manuali. Presha ikiwa chini, au ikianza vizuri halafu ikaporomoka ukikanyaga, nozeli hazina hatia, ni pampu, filta, au hata waya wa pampu wenye kutu usiopitisha umeme wa kutosha. Kama regyuleta yako (kifaa kinachorekebisha presha ya mafuta) ina kampira ka hewa, kachomoe injini ikiwa sailensa, presha inatakiwa ipande kama nusu bar hivi. Ukikuta petroli ndani ya hako kampira basi ngozi ya regyuleta imetoboka na gari inakunywa mafuta kwa mlango wa nyuma, na kuna watu wamebadilisha nozeli zote wakati kitu chenyewe kilikuwa hicho.

Presha ikiwa safi na bado gari haina pumzi, sasa ndiyo unapima nozeli kwa usawa. Geji iko kwenye reli, injini imezimwa, unafungua swichi pampu ijaze presha, halafu kwa kifaa cha kupigisha nozeli au kwa skana inayoweza amri hiyo unaifungua nozeli moja kwa muda uleule uliopangwa, unaandika presha imeshuka kiasi gani. Unajaza presha upya, unaenda inayofuata. Zote zinatakiwa zishushe karibu sawa. Iliyoshusha kidogo imeziba. Iliyoshusha zaidi ya wenzake inapitisha kupita kiasi. Usirukie nyingine bila kujaza presha upya, majibu yatakuwa takataka. Na usirudie rudie silinda ileile, petroli yote hiyo inabaki ndani ya injini.

Harufu ya petroli, moshi mweusi, injini ikiwa ya moto inagoma kuwaka

Hii ni nozeli isiyofunga, au angalau inafanana nayo. Ukizima gari, presha kwenye reli inatakiwa ibaki. Nozeli inayodondosha inamwagia silinda yake matone, ukirudi baada ya dakika ishirini injini imejaa mvuke wa petroli, unapiga stata ndefu, inawaka kwa shida na moshi mweusi unatoka, halafu inatulia. Jaribu hivi: ikigoma, kanyaga pedali ya mafuta mpaka chini ushikilie huku unapiga stata. Gari nyingi zenye kompyuta zinakata nozeli ukifanya hivyo ili hewa iingie peke yake. Ikiwaka kwa njia hiyo, tatizo lilikuwa mafuta kuzidi.

Kwa uhakika weka geji, washa, zima, angalia. Ikitulia kwa muda, hata ikipanda kidogo mwanzoni kwa sababu ya joto la injini, poa. Ikishuka hadi karibu sifuri ndani ya dakika chache, kuna pa kuvujia, lakini bado siyo lazima nozeli, inaweza kuwa valvu ya kuzuia iliyo kwenye pampu au regyuleta. Kama kuna sehemu ya mpira laini kati ya tangi na reli, ibane kwa kibanio chake mara baada ya kuzima. Presha ikikaa, inarudi tangini kupitia pampu. Ikishuka bado, bana na mpira wa marejeo, ule unaorudisha mafuta tangini. Ikishuka na zote zimebanwa, ni nozeli. Mipira ya plastiki ngumu usiibane, inapasuka.

Ili kujua ni ipi, toa plagi uone ipi ina masizi kuliko wenzake, au legeza reli uinue ikiwa na nozeli zake zote zimeshikiliwa vizuri, fungua swichi bila kupiga stata, weka kikaratasi kikavu chini ya kila ncha. Kulowana kidogo kwa muda mrefu ni jambo la kawaida, tone linalodondoka siyo la kawaida. Hapa koili zote za plagi ziwe zimechomolewa, injini baridi, betri isiguswe guswe, kizimamoto kiwe karibu na siyo ndani ya buti. Hii ni petroli yenye presha juu ya injini, sitanii.

Vuta pia kijiti cha oili. Oili ikinuka petroli na kiwango kimepanda, nozeli imekuwa ikimwaga usiku na petroli inateremka kwenye ringi. Usiendelee kuendesha na oili hiyo, imeshakuwa nyepesi na bearing za injini hazitakusamehe. Na kama stata ikigonga "tii" na injini ikagoma kuzunguka kabisa, usilazimishe wala usisukume gari. Silinda inaweza kuwa imejaa maji ya petroli, na maji hayabanwi, kinachopinda ni fimbo ya pistoni. Toa plagi zote kwanza.

Sasa hapa kuna kanuni moja inaokoa hela nyingi. Plagi moja ikiwa nyeusi, fikiria nozeli. Plagi zote nne zikiwa nyeusi sawasawa, sahau nozeli kwanza, haziwezi kuharibika zote nne kwa kiwango kilekile. Angalia kitu kinachozigusa zote: sensa ya joto la maji inayoiambia kompyuta kwamba injini ni baridi wakati inachemka, regyuleta iliyokwama, sensa ya oksijeni, sensa ya hewa. Joto la maji linaonekana kwenye skana, injini imeshika moto na skana inasoma nyuzi -30, basi umeshampata mwizi.

Haiwaki kabisa

Stata inazunguka vizuri na hakuna kinachowaka. Taa ya nozeli iko kwenye soketi na haipepesi. Angalia cheche. Cheche hakuna na amri ya nozeli hakuna, kompyuta haijui kama injini inazunguka, nenda kwenye sensa ya krenki, ile inayosoma mzunguko wa injini. Cheche ipo na amri hakuna, tazama mfumo wa ufunguo wa kuzuia wizi, gari nyingi zinakata nozeli makusudi, na taa ya ufunguo kwenye dashibodi huwa inapepesa. Amri ipo, presha hakuna: pampu. Nozeli zote kufa kwa pamoja asubuhi moja, mimi siamini mpaka nione.

Ukizitoa kuzipima au kuzisafisha

Presha itoe kwanza: chomoa fyuzi ya pampu, acha injini iungurume mpaka izime yenyewe, piga stata kidogo tena. Puliza uchafu kuzunguka mashina ya nozeli kabla hujazivuta, mchanga ukiingia kwenye njia ya valvu umejitengenezea kazi mpya. Weka alama kila moja ilikotoka.

Kuzipigisha kwa umeme wa betri moja kwa moja ni mchezo unaopendwa na ndio unaoua nozeli nzima. Koili yake imetengenezwa kwa milisekunde, ukiiachia volti 12 sekunde kadhaa inaungua, na zile za ohm ndogo zinaungua haraka zaidi. Kama lazima usikie zinalia, tumia betri ndogo ya volti 9, gusa na uachie, gusa na uachie. Na ile staili ya kupuliza spreyi ya kusafishia huku unagusisha nyaya za betri, kumbuka cheche ya waya na mvuke wa spreyi viko sentimita chache kutoka usoni kwako.

Mashine ya kupima ndiyo jibu kamili. Inazifungua zote kwa pamoja, kila moja inamwagia kwenye glasi yake yenye vipimo, unaona kwa macho kiasi, ukungu na kudondosha. Omba uonyeshwe vipimo kabla ya kusafisha na baada, siyo baada tu. Tofauti ya asilimia chache kati yao haina shida, ikizidi 10 lazima injini itayumba. Kusafisha kwa mawimbi ya sauti kunafanya kazi ikiwa nozeli inafunguliwa na kufungwa humo ndani ya maji, ikilala tu imefungwa uchafu wa ndani hautoki. Vichujio vidogo vya juu na oringi vibadilishwe hapo hapo. Sindano wala kiwaya usichomeke kwenye matundu ya ncha, matundu hayo yametobolewa kwa vipimo, ukiyakwaruza ukungu haurudi.

Dawa za kumwaga kwenye tangi? Zenye polyetheramine (kemikali ya kusafisha) zinasaidia uchafu mwepesi wa kwenye ncha, nozeli ambayo koili imekatika au kiti chake kimelika hazitaifanya chochote.

Wakati wa kurudisha paka oringi mpya oili kidogo ya injini, bonyeza kwa mkono, usipige nyundo, usipake silikoni. Fungua na funga swichi mara mbili tatu bila kuwasha, zungusha tochi uone kama kuna unyevu popote kwenye reli, ndipo uwashe.

Zinazopuliza ndani ya silinda na dizeli

Petroli ya kupuliza ndani ya silinda inafanya kazi kwa presha ya bar 50 hadi 200 na zaidi, na kompyuta inazifungua kwa volti nyingi kuliko za betri. Usichomoe soketi zake injini ikiwa inaunguruma, usilegeze paipu, tumia skana. Sili zake za teflon zikitoka zinawekwa mpya kwa kifaa chake. Na gari hizi zikianza kumisi asubuhi, mara nyingi ni masizi kwenye valvu za kuingiza, kwa sababu petroli haipiti tena pale kuziosha, na dawa ya tangini haifiki huko.

Dizeli ya reli moja (common rail, nozeli zote zinalishwa na reli moja yenye presha) inaweza kuzidi bar 1600. Ile tabia ya zamani ya kulegeza nati ya paipu ili usikie silinda ipi imelala, kwenye hizi isahau kabisa, ule uzi wa dizeli unapenya ngozi na kuingia ndani ya nyama, tundu linaonekana dogo lakini ni dharura ya hospitali saa hiyohiyo. Kipimo chake cha nyumbani ni marejeo: chomoa mipira midogo ya marejeo, kila nozeli ipewe kichupa chake chenye vipimo, acha iungurume dakika chache au piga stata kama haiwaki. Iliyojaza kichupa kuliko wenzake imelika ndani na inaiba presha ya reli, na hiyo moja tu inatosha kufanya gari yote isiwake, kwa sababu kompyuta haiwashi mpaka presha ifike kiwango chake, mara nyingi kama bar 200 na kitu. Mlio mkali wa kugonga pamoja na moshi, tena kwenye silinda moja, zima, nozeli iliyokwama wazi inatoboa pistoni. Na ukifunga mpya, ile namba iliyoandikwa juu yake inaingizwa kwenye kompyuta kwa skana kwa silinda husika, ukiruka hapo itawaka lakini itagonga na kutoa moshi, halafu utaambiwa umeuziwa feki.

Kwa upande wa petroli, ukimaliza futa kodi na trimu zilizojifunza, endesha mpaka injini ishike joto na utembee mwendo wa mchanganyiko, kisha soma trimu upya. Ikirudi karibu na sifuri, funga boneti. Ikibaki +15 kwenye sailensa, kagua oringi za chini ulizofunga leo kabla hujagusa kitu kingine.